Anakula Vizuri, Mama

Simu iliingia nikiwa kwenye pantoni, Jumatatu asubuhi, nimebanwa kati ya bajaji na kina mama wenye ndoo tupu wanaovuka kwenda kununua samaki Feri. Kuiona namba nikatabasamu. Alikuwa mteja wangu wa Kilosa, kijana aliyenunua dume langu la ng'ombe mwezi Oktoba na kulipa milioni nne na nusu bila kuvutana.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Bwana Harusi hajambo?"

Akanyamaza kidogo. Honi ya pantoni ikalia, nikadhani simu imekatika.

"Hajambo Mama. Anakula vizuri."

Nikasubiri.

"Shida ni kwamba hana kazi nyingine. Ni kula tu."

Alikuwa amemwachia majike 22 tangu Novemba. Sasa Januari inaisha, na 19 kati yao walikuwa wamerudia joto, yaani wanataka dume tena. Wengine mara tatu. Anayefuga anajua jike ambaye hajashika hurudi kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo kijana hakuwa na papara. Alikuwa amehesabu, akarudia kuhesabu, ndipo akapiga.

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejua pa kushika. Yeye aliniuliza tu, kwa adabu zake zote: "Mama, ulivyokuwa naye huko, aliwahi kuzalisha?"

Tulishuka upande wa Posta, nikaenda kazini, nikafungua kompyuta. Nilichofanya siku ile mpaka leo sikikumbuki.

## Siku 110

Nieleze jinsi tulivyomwandaa, maana hapo ndipo penyewe.

Nilimnunua akiwa dume kijana wa miezi kama 24, ng'ombe wa aina ya Boran wa damu safi, karatasi za baba na mama zipo. Mwili mrefu, nundu imekaa mahali pake, mgongo umenyooka. Julai tepu ya kupimia uzito ilisoma kilo 365. Alikuwa amekulia kwenye nyasi, mifupa inahesabika ukimwangalia kwa ubaya, lakini anatembea kama mwenye shamba.

Nilitaka kumuuza Oktoba. Kwa hiyo nikafanya wanachofanya wote ninaowafahamu huku Kisarawe II na ng'ambo ya Mkuranga: nikamfungia ndani na kumjaza. Pumba za mahindi. Molasi. Mashudu ya pamba, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, kwa wingi, kwa sababu yalikuwa yanapatikana na kwa sababu ukiyatumia ngozi inang'aa kama imepigwa pasi. Nyasi kidogo, za kumfanya acheue. Siku 110 baadaye tepu ikasoma kilo 520. Ukigawanya ni kilo moja na gramu mia nne kila siku. Niliweka hesabu hiyo kwenye status ya WhatsApp, na kwa nini nisiiweke.

Jina la Bwana Harusi alipewa na Mzee wetu wa zizini. Siku ya kupiga picha alimwogesha kwa sabuni, akamsugua kwa brashi, halafu akampaka mafuta ya nazi mgongoni na kwenye kwato. Kijana wetu wa picha alilala chini kabisa kwenye mchanga, maana ukimpiga ng'ombe picha kutoka chini anaonekana kama jengo. (Mkiona madume makubwa ajabu mtandaoni, angalieni kwanza mpiga picha alikuwa amelala wapi.)

Picha ile ilileta simu 11 kwa siku mbili.

Kijana wa Kilosa alikuja mwenyewe. Akamzunguka mara mbili, akamshika kwenye shina la mkia, akabonyeza kidari, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuinama kuangalia nyuma. Na mimi sikumwambia ainame.

Tena nikampa zawadi. Magunia matano ya mchanganyiko ule ule na karatasi yenye vipimo, nimeandika kwa mkono wangu: *usimpunguzie, atakonda.*

Akafuata. Alivyo mtiifu, magunia yalipokwisha akaenda Morogoro mjini kununua mashudu ya pamba mengine.

## Rejeta

Jumamosi iliyofuata nilipanda treni ya SGR hadi Kilosa. Kule tulikutana na daktari wa mifugo ambaye rafiki yangu alinielekeza, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, na mizigo yake kwenye buti la gari: hadubini, vichupa, na kile kifaa cha umeme cha kumtoa dume mbegu, ambacho wanaume wote waliokuwepo walikitazama mara moja tu wakageuka.

Bwana Harusi alikuwa chini ya mwembe. Saa nne asubuhi, na anahema kama amekimbizwa. Alivyotembea kuja kwenye kizuizi aliweka miguu ya mbele kwa uangalifu, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Daktari akasema kwato zina maumivu, na kwamba hilo huwapata ng'ombe wanaoshindiliwa pumba na molasi huku nyasi zikiwa za kuonja: tumbo linaingia tindikali, na tindikali ikizidi, madhara yake hushuka hadi miguuni.

Halafu akainama kule nyuma, ambako sisi hatukuinama.

Korodani za dume zimening'inia nje kwa sababu. Mbegu hazitengenezeki vizuri kwenye joto la mwili. Zinataka ubaridi wa nyuzi kama mbili hadi tano au sita pungufu. Pale juu, kwenye shingo ya mfuko, kuna mishipa iliyojisokota inayopoza damu kabla haijafika chini. Daktari alitafuta mfano, akamwangalia dereva aliyemleta, akasema: "Ni rejeta."

Sasa rejeta ile ilikuwa imevishwa blanketi. Mafuta yalikuwa yamejaa pale shingoni mpaka mfuko hauna kiuno tena, umekuwa kama gunia lililofungwa vibaya. Ukubwa wenyewe ulikuwa mzuri tu, sentimita 35 kwa tepu, na kwa dume aliyevuka miaka miwili watu wengi wanataka angalau 34. Ungempima kwa tepu peke yake angefaulu.

Kwenye hadubini hakufaulu.

Alinikaribisha nitazame. Nilitegemea kuona kitu kama viluwiluwi kwenye dimbwi baada ya mvua. Niliona viluwiluwi waliochoka. Wengi wanatikisa mkia pale pale, hawaendi popote, na wengine wamepinda katikati kama kijiti kilichovunjwa. Kiwango cha kumpitisha dume, alisema, ni asilimia 70 ya mbegu ziwe na umbo lililo sawa, na angalau 30 katika 100 ziwe zinaogelea kwenda mbele. Bwana Harusi alikuwa na 41 zenye umbo, na zinazokwenda mbele zilikuwa chache hata kuzihesabu ikawa kazi.

"Unamlisha nini?" akauliza. Kijana akatoa mfukoni karatasi yangu. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo.

Daktari akaisoma, kidole kikasimama kwenye mashudu ya pamba.

Mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili inayoitwa gosipoli. Ng'ombe mkubwa hustahimili kiasi fulani kwa sababu tumbo lake linaifunga, ndiyo maana wanenepeshaji wanayatumia mashudu haya na ng'ombe wanakwenda machinjioni wakiwa wazima na wanono. Lakini kwa dume wa mbegu, ukizidisha kwa miezi, gosipoli huishambulia mbegu yake pale pale katikati, penye injini yake. Ndiyo ile mipindo niliyoiona.

Joto kutoka juu, sumu kutoka horini. Nikauliza ni kipi kilichomharibu.

"Mama, ukitaka kumtafuta mmoja wa kumlaumu, utamwonea mwingine," akasema, akaanza kufunga hadubini.

## Nilichoambiwa Septemba

Ningeweza kuishia kwenye gosipoli. Nilijaribu. Kwa wiki kama mbili nilikuwa nawasimulia watu habari za mashudu ya pamba kama mtu aliyenusurika ajali, na wote walishangaa na kunipa pole. Lilikuwa jambo ambalo kweli sikulijua, na asiyejua hana kosa kubwa.

Usiku ndipo Septemba ilikuwa inarudi.

Mzee wetu amechunga ng'ombe tangu utotoni, Usukumani. Hajui gosipoli. Jioni moja mwezi Septemba, nimekuja kupima uzito, aliniita nyuma ya Bwana Harusi, akanyoosha fimbo bila kumgusa.

"Mama, huku panajaa."

"Panajaa nini, Mzee?"

"Mafuta. Dume wa kupanda hajai huku. Anayejaa huku ni maksai."

Nikaangalia. Niliona kabisa. Nikasema, na maneno nayakumbuka kwa sababu niliyasema nikicheka: "Waache tu wateja wapendezwe, Mzee. Akifika kwake atapungua."

Hilo ndilo limenisumbua wiki zote hizi. Gosipoli ni ujinga wangu, na ujinga una dawa. Lakini mafuta niliyaona kwa macho yangu, nikaambiwa na mtu anayejua, na nikaamua kuyauza. Milioni nne na nusu ile, sehemu yake ililipia blanketi la rejeta.

Na najua kwa nini nilicheka. Mwaka juzi nilikuwa na dume mwingine, ndugu yake kwa baba, niliyemtoa kwenye nyasi moja kwa moja hadi sokoni. Mwembamba wa wastani, miguu ya chuma. Wateja wanne walikuja, wanne wakaondoka. Wa tano alinipa bei ya nyama.

## Jicho la Pugu

Mnunuzi wa mnada wa Pugu ana sekunde chache za kumsoma ng'ombe. Mkono kwenye shina la mkia, jicho kwenye mbavu, kidari, basi. Ni jicho la kazi, limenolewa na miaka mingi ya hasara, na simdharau hata kidogo. Ng'ombe wa Pugu safari yake ni fupi, na mwisho wake anatundikwa kwenye ndoano Vingunguti na kupimwa kilo. Mafuta pale ni pesa.

Sisi wengine tumelichukua jicho hilo hilo tukaenda nalo kununulia dume wa mbegu. Hatuna jingine. Hata Nane Nane pale Morogoro, angalia watu wanajazana kwenye banda gani. Ni kwa yule mkubwa kuliko wote, aliyekaa kama sofa, anapepewa. Sijawahi kusikia mtu kwenye umati ule akiomba dume atembezwe hatua hamsini kwenda na kurudi ili aone anavyokanyaga.

Ukienda Borana, kusini mwa Ethiopia, alikotoka huyu ng'ombe tunayemlipia mamilioni, sifa zake hazikujengwa horini. Zilijengwa na kutembea mbali kutafuta maji, kustahimili kiangazi, na kushika mimba kwenye mwaka mbaya. Wafugaji wa Kenya walimchambua zaidi, chama chao kipo tangu 1951, lakini mtaji wa kwanza ni ile miguu na ule uvumilivu. Halafu mimi namfungia Kisarawe II siku 110, namnyima kutembea, namtoa akihema chini ya mwembe, na bado namwita Boran safi. Damu ni safi kweli. Karatasi haisemi uongo.

Nimejiuliza sana kama muuzaji analazimika kumfundisha mnunuzi kuinama. Kuna siku nasema hapana, kila mtu aje na macho yake, biashara ndiyo hiyo. Halafu naikumbuka karatasi imekunjwa mara nne. Huyu kijana alinichukulia mimi kama mwalimu, akanifuata neno kwa neno.

## Miezi miwili ya kusubiri

Daktari hakumhukumu dume, na hili nalisema kwa sababu wengi humkimbiza machinjioni mapema. Mbegu moja huchukua takriban siku 61 kutengenezwa, kisha wiki moja na zaidi kukomaa njiani. Kwa hiyo tuliyoyaona kwenye hadubini ilikuwa historia ya Novemba na Desemba. Ukibadilisha chakula leo, usitazame kesho.

Aliagiza mashudu ya pamba yakomeshwe siku ile ile. Pumba na molasi zipunguzwe hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, zisikatwe ghafla, kwa sababu vijidudu vya tumboni vinavyosaga pumba si vile vinavyosaga nyasi, na vinahitaji muda kupishana. Kivuli, maji, jiwe la madini. Na atembee kila asubuhi kabla jua halijakolea.

Nilimwambia kijana nitarudisha pesa zote na kumchukua dume. Akakataa. Akasema atasubiri, ila msimu umempita. Hapo sikuwa na la kujibu. Majike 19 walioshindwa kushika Novemba ni ndama waliokuwa wazaliwe kuanzia Agosti, na ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na ushee, huwezi kumharakisha. Nikalipa daktari, safari zote mbili, nikamrudishia milioni moja na nusu. Alipokea kwa mikono miwili, jambo ambalo lilinifanya nijisikie vibaya zaidi.

Katikati ya Aprili daktari alirudi kumpima. Kilo 448. Kiuno cha mfuko kimeonekana tena. Umbo asilimia 72. Alinitumia video fupi aliyoichukua kwa simu kwenye lenzi ya hadubini, inatikisika, na safari hii ilikuwa dimbwi kweli baada ya mvua. Nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mwanamke wa umri wangu.

## Namba 31

Sasa nina dume mwingine zizini. Sijampa jina, ana namba ya hereni tu, 31.

Huyu nyasi ndiyo chakula, vingine ni kiungo. Hei, yaani nyasi kavu, naifuata Vikuge, mabingobingo tunakata wenyewe. Kwa kilo zake 400 anakula kama kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, na kati ya hizo mchanganyiko hauzidi kilo tatu na nusu: pumba, mashudu ya alizeti, molasi ya kushikisha vumbi, madini. Na chokaa ya mifugo, hiyo sisahau. Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na dume akila hivyo muda mrefu bila chokaa anaweza kuota mawe kwenye njia ya mkojo. Mrija wake ni mwembamba na umejikunja, jiwe dogo tu linaziba. Jirani yangu alimpoteza mmoja hivyo, tumbo limevimba, na wote walidhani ni gesi.

Anaongezeka gramu 800 kwa siku. Mzee anamtembeza alfajiri hadi barabara ya lami na kurudi. Amepimwa damu kwa ugonjwa wa kutupa mimba, na karatasi ya daktari ya vipimo vya mbegu nimeiweka kwenye plastiki, imetundikwa kwenye nguzo ya zizi.

Jumapili iliyopita alikuja mteja kutoka Bagamoyo, na rafiki yake anayejua ng'ombe. Walimzunguka Namba 31 mara mbili. Rafiki akashika shina la mkia, akabonyeza kidari, akamtazama mwenzake.

Niliwapa ile karatasi. Niliwaambia wainame. Mteja aliinama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha za watoto wa mwenyeji wake, akainuka.

"Sawa Mama. Ila mbona kama kakonda?"

Nikaeleza. Nilieleza sana, rejeta na kila kitu. Walisikiliza, wakanywa maji ya madafu, wakasema watanipigia. Gari lao lilipotokomea kwenye kona ya mikorosho, Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, mkono kwenye gunia la pumba.

"Nimwongezee, Mama?"

Nilichelewa kumjibu. Zaidi ya nilivyotarajia.

"Mkatie mabingobingo, Mzee," nikasema. Akachukua panga, akaenda.